Msimu Nilioendesha Kituo

Barua yangu ya kwanza ya kuomba kazi mjini ilikuwa na neno "nilisaidia" mara kumi na moja. Sikuyahesabu mimi. Aliyahesabu mama mmoja wa mtaa wa Kanyenye, Tabora, wa familia ya Kiarabu, aliyekuwa akipiga chapa barua za watu ndani ya duka la marehemu baba yake. Rafu za duka zilikuwa tupu miaka ile, kwa hiyo taipureta ndiyo ilikuwa bidhaa pekee. Aliyahesabu kwa sauti, akigonga kila moja kwa ncha ya penseli, mbele ya wateja wawili waliokuwa wakisubiri zamu yao. Alipofika la kumi na moja akanitazama juu ya miwani.

"Huyu uliyekuwa ukimsaidia ni nani?" akaniuliza. "Maana naona ndiye anayestahili kazi. Mwambie aje yeye."

Wateja wakacheka. Nami nikacheka kwa aibu, huku nikitamani kumnyang'anya karatasi yangu niondoke. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na siku hizo zilikuwa karibu zaidi. Lakini nilikuwa nimetoka Urambo kwa treni kwa ajili ya jambo hilo tu, na barua ile aliyoishika ilikuwa nakala ya barua iliyokwishakataliwa mwaka uliotangulia. Nikameza.

Niseme kwanza nilikuwa nani. Nilikuwa karani wa kituo cha kununulia tumbaku, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka stesheni ya Urambo. Ilikuwa miaka ya vijiji vya Ujamaa. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye mashamba yao ya mbalimbali, wakapangwa kwenye nyumba zilizonyooka mstari, na kila kijiji kikawa na shamba lake la pamoja. Majani yakishakaushwa yalifungwa marobota, yakaletwa kwetu kwa mikokoteni ya ng'ombe, yakapimwa, yakapangiwa daraja, yakasubiri malori. Mimi niliandika: robota limetoka kijiji gani, limeingia daraja gani, limeondoka lini. Nilipelekwa pale nikiwa na miaka ishirini na minne nikaondoka nina ishirini na tisa, na katika muda wote huo sikumbuki mtu aliyeingia chumbani kwangu akakaa.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya ghala. Kilikuwa chumba kizuri, chenye dirisha na mlango unaofungika, ila harufu ya tumbaku iliingia mpaka kwenye chumvi. Tabu yangu ilikuwa kupika. Mtu aliyekulia mtaa wa Chemchem, Tabora mjini, kwenye nyumba ya watu tisa hajui kusonga ugali wa mtu mmoja. Nilijaribu kupunguza maji, nikajaribu kupunguza unga, na kila siku ulizidi. Nusu niliwapelekea kuku wa mlinzi. Kuku wale wakazoea kunifuata nikipita, na nakiri kwamba nilikuwa nawaongelesha, tena mambo ya maana.

Wanawake wa kijijini hawakuwa wabaya. Tatizo lilikuwa heshima yao. Nyumbani walisema Kinyamwezi. Mimi ni Mnyamwezi wa mjini, ninayekielewa vizuri na kukisema vibaya, na kila nilipokaribia kisimani walihamia Kiswahili wote kwa pamoja, kama watu wanavyompisha mgeni kiti. Mazungumzo yakafa palepale. Waliniuliza habari za mjini, nikajibu nzuri, nikawauliza habari za watoto, wakajibu hawajambo. Nikishajaza ndoo yangu na kuondoka, kabla sijafika mbali nilisikia kicheko kimerudi. Hawakuwa wakinicheka mimi. Ingekuwa hivyo ningepata walau la kugombania.

Mtu aliyezungumza nami alikuwa bwana mkuu wa kituo. Alikuwa mtu mzima wa makamo ya baba yangu, Mkristo wa Kanisa la Moravian kutoka vijiji vya kusini, mpole, mwenye kikohozi cha vumbi la tumbaku ambacho sote pale tulikuwa nacho. Aliniita binti yangu tangu siku ya kwanza. Alinifundisha kusoma mizani bila kuiegemea, na kutia mkono katikati ya robota kuona kama ndani kuna majani mabichi yaliyofichwa. Gazeti likimfikia, hata kama ni la wiki iliyopita, alilisoma akanipa. Mkewe alikuwa akiniletea karanga za kuchemsha siku za Jumamosi. Nilizila taratibu ili zifike Jumatatu.

Nyumbani Chemchem alikuwa amebaki mama peke yake. Baba alikuwa amefariki, kaka zangu wametawanyika na kazi za reli, dada ameolewa mbali. Macho ya mama yakaanza kufifia. Aliniambia ni vumbi. Halafu jirani akaniandikia kwamba mama amejimiminia uji wa moto mkononi akidhani anamimina kwenye bakuli, na kwamba amekataza nisiambiwe. Nilisoma barua ile nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa. Miezi michache baadaye ikatangazwa nafasi ya karani mkuu wa masjala katika ofisi ya Tabora iliyosimamia vituo kama chetu. Majalada yote ya vituo yalitunzwa pale. Ofisi ilikuwa umbali wa kutembea kutoka nyumbani. Niliona nafasi hiyo imetengenezwa kwa ajili yangu, nikaandika barua yangu ya "nilisaidia", nikajibiwa kwa mistari miwili kwamba nisijisumbue. Bwana mkuu alikwenda mjini kwa shughuli zake, akaulizia kwa wanaomjua, akarudi akaniambia kwa uangalifu, akitazama pembeni: walisema naonekana msaidizi mzuri, lakini wao wanatafuta mtu anayeweza kushika kitu mwenyewe. Mwaka uliofuata nafasi ileile ikatangazwa tena.

Sikuandika vile kwa ujinga. Ndivyo nilivyolelewa. Kwetu mtu hajitaji mwenyewe. Hata mwanamume anayetaka kuoa hajisifu kwa wakwe. Anatuma mshenga akamsemee. Babu yangu mzaa mama alikuwa mpagazi wa misafara, akatoka Unyanyembe, Tabora ya siku hizo, mpaka pwani na kurudi, mzigo begani, njia ambayo baadaye ilipitishwa reli. Mama alisema babu hakuwahi hata mara moja kusema "nilibeba". Alisema "tulikwenda". Aliyetaka kujua babu alibeba nini alisubiri babu atoke nje, ndipo wenzake wa safari wakasimulia. Hivyo nami niliandika "nilisaidia", nikanyamaza, nikasubiri mtu wa kusimulia. Sikufikiri kwamba kwenye meza ya hao waliosoma barua yangu hapakuwa na mtu tuliyesafiri naye.

Haya yote nilimweleza mama mpiga chapa, hata habari ya mama yangu na uji, lakini hakuwa na subira nayo. Alifuta "nilisaidia kupima" akaandika "nilipima". Alifuta "nilishiriki katika kupanga" akaandika "nilipanga". Alipofika kwenye "nilihusika na ukaguzi" akasema hata mwizi anahusika na ukaguzi. Kila neno alilolifuta aliniuliza mkono wangu ulikuwa ukifanya nini saa hiyo, na nisipojibu alisubiri, vidole juu ya mashine. Nikaanza kujibu. Nilipokea mizigo. Nilikagua marobota. Nilirudisha yaliyolowa. Niligundua hesabu ya kijiji kimoja imeandikwa mara mbili, nikairekebisha. Mwanzoni niliona kama navuliwa khanga mbele za watu. Tulipofika la sita au la saba nikaanza kuona raha, na raha ile niliikumbuka baadaye kwa aibu.

Wale wateja wawili wakamaliza shughuli zao wakaondoka. Mama yule akafunga nusu ya mlango kwa ajili ya jua, akatuletea kahawa yenye tangawizi, akasoma tuliyoandika. Akasema ni barua nzuri ya karani mdogo. Lakini kazi ni ya karani mkuu. Je, sikuwahi kuongoza chochote, hata kwaya, hata foleni?

Nikasema sikuwahi. Halafu nikasimulia. Sijui kama ilikuwa kahawa, au kwa sababu palikuwa pamepita muda mrefu tangu mtu aniulize jambo na kusubiri jibu. Nilimsimulia msimu ule.

Msimu huo wa ununuzi ulikuwa ndio kwanza umeanza, mikokoteni imejipanga mstari mpaka barabarani, mke wa bwana mkuu alipougua siku nne akafariki. Tulizika. Bwana mkuu alikaa matanga siku chache, akarudi kazini. Asubuhi ile ya kwanza alikuja kwa wakati, shati limepigwa pasi, akafungua ofisi kwa ufunguo wake, akaketi kwenye kiti chake, na hakufanya kitu kingine. Hakulia wala hakulala. Ukimsalimia aliitikia. Ukimuuliza jambo la kazi alikutazama kwa adabu kama mtu anayesubiri umalize kusema, na ulipomaliza aliendelea kusubiri. Nje watu walikuwa wanataka kujua kijiji kipi kitaanza kupima.

Niliingia kumuuliza mara ya pili. Nikafunga mlango. Nikasimama mbele ya meza yake, yeye akitazama ukuta, mimi nikitazama mikono yake. Nilipoona hakuna jibu nikatoka nje nikatangaza: bwana mkuu anasema wataanza waliotoka mbali, wa karibu warudi kesho.

Ikawa hivyo msimu mzima. Kila jambo lilipotokea niliingia, nikafunga mlango, nikasimama muda wa kutosha mtu kutoa amri, nikatoka na amri. Bwana mkuu anasema robota hili lirudishwe, limelowa. Bwana mkuu anasema nyinyi wawili muache kugombana, mzee fulani ashike zamu. Mvua za mwanzo zilipotukuta na marobota nje, bwana mkuu alisema tubomoe uzio wa mbao tuyainue juu ya mbao hizo, na alisema mtu apande baiskeli mpaka Urambo kudai malori. Malori yalipofika, bwana mkuu aliwashukuru madereva.

Hakuna aliyedanganyika. Nataka hili lieleweke. Wapima mizani walijua, mlinzi alijua, wakulima wa vijiji sita walijua. Hakuna aliyewahi kuniambia, wala kunikonyeza, wala kucheka. Wazee walipopita dirishani kwake walimwamkia na kumshukuru kwa uamuzi wake wa jana. Walikuwa wanamsitiri, na mimi nilikuwa sehemu ya sitara hiyo, na tulifanya hivyo bila mkutano wala makubaliano, kwa sababu kila mmoja wetu alijua namna ya kufanya.

Na kuna jambo sikumwambia mama mpiga chapa. Dakika zile nilizosimama mle ndani mlango umefungwa, sisi wawili kimya, ndizo zilizokuwa za upweke kidogo kuliko zote nilizokaa Urambo. Wakati mwingine nilikawia kutoka.

Msimu ulipokwisha alichukua likizo, akaenda kwao. Aliporudi alikuwa mzima, amekonda, akaanza kutoa amri zake mwenyewe. Hatukuzungumza habari hiyo. Nilirudi kuandika namba za marobota, naye akarudi kuniita binti yangu.

Nilipomaliza kusimulia, mama yule akavuta mashine karibu. Alipachika karatasi mpya kwenye mashine akapiga mstari mmoja, kisha akainua karatasi nisome. *Niliendesha kituo cha ununuzi kwa msimu mzima.*

Nikamwambia autoe.

"Ni uongo?" akauliza.

"Si uongo. Ni siri ya mtu."

"Ni siri inayojulikana na vijiji sita," akasema. "Asiyeijua ni huyu anayetaka kukupa kazi." Halafu akasema polepole zaidi, na hapo ndipo aliponipata: "Wewe huna mtu wa kukusemea, mwanangu. Usiposema mwenyewe, mama yako atamiminia uji wapi?"

Simlaumu. Aliniuliza mara tatu kama aufute, na mara ya tatu alikuwa tayari ameshika kifutio. Mimi ndiye niliyesema aache. Nilijiambia kwamba sikumtaja bwana mkuu, nimejitaja mimi tu. Nilijiambia pia kwamba watu wa mezani pale ni watu kama sisi, watasoma, wataelewa, watapita kimya kimya kama wazee walivyopita dirishani. Hilo ndilo lililokuwa kosa langu. Nilidhani kila mtu anajua kusitiri.

Niliitwa kwenye usaili mwezi uliofuata. Walikuwa watatu, wote vijana, wote wageni Tabora, wamekaa nyuma ya meza yenye kitambaa cha kijani. Walinikaribisha kwa jina la Ndugu. Mwenyekiti wao alikuwa na barua yangu mbele yake, na niliona kwa mbali kwamba mstari ule amekwisha kuupigia mstari mwingine chini yake kwa wino mwekundu. Aliniuliza maswali ya majalada nikayajibu vizuri, maana hayo nilikuwa nayajua. Kisha akasoma kwa sauti kwamba niliendesha kituo kwa msimu mzima, akaniuliza mkuu wangu alikuwa wapi.

"Alikuwepo," nikasema.

"Akifanya nini?"

Ningeweza kusema alikuwa mgonjwa. Ningeweza kusema alifiwa. Nilifikiri kwamba kila nitakaloongeza litamvua nguo zaidi, kwa hiyo nikanyamaza, na kunyamaza kule ndiko kulikomvua kabisa. Mwenyekiti akaandika kitu. Akaniambia kwa upole kwamba ni utaratibu wa kawaida, watamwandikia mkuu wangu kuthibitisha.

Nilirudi Urambo kusubiri barua. Mimi ndiye niliyekuwa napokea barua za kituo na kuzifungua. Hiyo ilikuja imeandikwa "Siri" juu ya bahasha, kwa hiyo sikuifungua, nilimpelekea mkononi. Aliifungua nikiwa bado nimesimama pale. Aliisoma mara moja, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati, akaniuliza kama wale wa kijiji cha tatu wameleta magunia waliyoahidi. Nikasema wameleta. Akasema vizuri.

Siku zilizofuata nilisubiri anikaripie. Nilitamani anikaripie. Aliniachia gazeti kama kawaida na kunisalimia kama kawaida. Mara moja nilimkuta amekaa mbele ya karatasi, kalamu mkononi, na kwa dakika nzima nilidhani amerudia hali ile ya zamani, nikashtuka. Aliponiona akafunika karatasi kwa mkono wake. Ningeweza kufunga mlango nikasema. Nilikuwa na nafasi, na nilikuwa na sauti. Nikachukua jalada nililolifuata nikatoka.

Kazi nikaipata. Barua ilipokuja alinipa mkono akasema hongera, binti yangu. Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka stesheni, sanduku langu nyuma ya baiskeli yake, tukienda kwa miguu saa nzima na kuzungumza habari za mvua. Treni ilichelewa. Tulikaa kwenye benchi, tukaishiwa habari za mvua. Nilitazama reli mpaka macho yakauma. Treni ilipofika alinipandishia sanduku dirishani, akavua kofia, akabaki ameishika kifuani mpaka tukaondoka.

Mama alinishika uso wote kwa mikono yake nilipofika, kwa sababu macho yalikuwa yamekwisha kuwa ya kuona mwanga tu. Nikaanza kusonga ugali wa watu wawili. Niseme ukweli, zile wiki za kwanza nilikuwa na furaha. Nilikuwa natembea kutoka Chemchem mpaka ofisini asubuhi, nikisalimiana na watu wanaonijua tangu utoto, na nikawa najiambia kwamba neno moja lililopigwa chapa Kanyenye ndilo lililonirudisha.

Masjala ilikuwa chumba kirefu chenye rafu mpaka darini, na mimi peke yangu ndani yake. Karani haruhusiwi kusoma jalada lake mwenyewe. Nilijizuia siku tisa. Siku ya kumi, wenzangu wa vyumba vingine wakiwa wamekwenda kula, nililitoa. Barua yangu ilikuwa ndani na mstari wake mwekundu. Nyuma yake ilikuwa karatasi moja ya mistari, kwa mwandiko ninaoujua kuliko wangu.

Aliwaandikia hivi:

*Yaliyoandikwa na karani ni kweli. Msimu ule mke wangu alifariki na mimi nilikaa kwenye kiti. Kituo kiliendeshwa na yeye. Maneno aliyosema kwamba nimeyasema, sikuyasema. Yalikuwa sahihi yote. Sikumwomba anisitiri. Mpeni kazi.*

Niliirudisha mahali pake. Yeye alikuwa ameulizwa mkuu alikuwa akifanya nini, akajibu: nilikaa. Hakutafuta neno zuri zaidi. Mimi nilitafutiwa maneno siku nzima.

Wiki hiyohiyo ikaletwa mezani kwangu karatasi ya kuingiza kwenye jalada la kituo chetu cha zamani. Kwa kuwa mkuu wa kituo amekiri kwa maandishi kwamba hakutekeleza kazi yake kwa msimu mzima, anaondolewa ukuu, na atabaki kituoni hapohapo kama mpima mizani chini ya mkuu mpya. Ilikuwa imesainiwa, imegongwa muhuri. Kazi iliyobaki ilikuwa yangu. Niliisoma, nikaipa namba, nikaitoboa matundu mawili, nikaipachika.

Nilimweleza mama. Siku tatu baadaye, nikimwosha mikono baada ya kula, akaniambia niende nikamwombe radhi kabla hajazoea kunichukia. Nikamwambia hatanichukia, si mtu wa hivyo. Mama akasema hiyo ndiyo sababu ya kwenda upesi.

Nilikwenda siku ya kwanza niliyopata ruhusa. Nilivaa gauni langu la ofisini, kwa upumbavu tu, kwa sababu ndilo lililokuwa safi. Kutoka stesheni nilitembea saa nzima nikipanga maneno, na nilikuwa nimeyapanga vizuri. Nilikosea. Nilikuuza. Nisamehe. Nilikuwa nimekwishafundishwa kutafuta neno lenyewe, na nilikuwa nimelipata.

Alikuwa kwenye mizani. Nilimwona kabla hajaniona, ameinama akisoma uzito, na kijana mmoja aliyevaa shati jipya amesimama nyuma yake na daftari. Vumbi lilikuwa mpaka kwenye nyusi zake. Wapima mizani wenzake waliniona kwanza wakaweka chini marobota. Ndipo akainua kichwa. Alijipangusa mikono kwenye suruali, akanyooka wima, miguu pamoja, kama mtu anavyosimama mbele ya mkubwa.

"Karibu, Ndugu Karani Mkuu," akasema. Hapakuwa na kejeli katika sauti yake. Nilisikiliza kama ipo, na haikuwepo. Alikuwa ananipa heshima ya kazi yangu, palepale mbele ya yule kijana, ili ajue mimi ni nani. "Umetumwa na ofisi?"

Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba. Watu wote wa kituo walikuwa wanatutazama, na maneno yangu yote niliyoyabeba saa nzima yalikuwepo mdomoni, tayari, yamenyooka.

"Ndiyo," nikasema. "Nimetumwa."

Akauliza nimetumwa kuchukua nini. Nikataja orodha ya magunia ya msimu uliopita, kwa sababu ndiyo iliyonijia. Akamwomba ruhusa yule kijana aache mizani kidogo, akaenda ndani kuitafuta. Alikawia, maana hakuwa tena na ufunguo wa kabati, ikabidi arudi kuuomba. Alipoileta alikuwa ameipangusa vumbi na kuifunga kwa uzi isije ikatawanyika njiani, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nikashukuru. Nikatembea mpaka stesheni na ile orodha mkononi, nikapanda nayo treni, na asubuhi yake, kwa kuwa hakuna aliyeiagiza na sikuwa na pa kuipeleka, nikaitia namba nikaiweka kwenye rafu.